Nimepigwa mchana kweupe: "580" siyo 580, "wati 600" siyo wati 600, na kosa eti ni langu kwa kuwa nilifunga mwenyewe

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika saa nane usiku hapa Pasiansi, Mwanza. Umeme upo, kompyuta ipo mezani, imekufa. Ina siku kumi na moja tangu niinunue. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, leo sina nguvu ya kubembelezana na mtu.

Mimi nashika daftari la mzee mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Miezi kumi na minne nimejibana ili nifunge kompyuta ya gemu kwa mikono yangu, kipuri kwa kipuri. Orodha niliiandika nyuma ya daftari la kazi: prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, RAM ya GB 16, SSD ya GB 512, kadi ya grafiksi RX 580 ya GB 8, pawa saplai ya wati 600, na kasha. Jumla 1,515,000. Kioo nilikuwa nacho, mtumba.

Orodha haikuwa mbaya, na hilo nalisema mapema kabla hajaja mtu wa "ungenunua PlayStation" (mjomba wangu ameshalisema, inatosha). Prosesa ile ina kore sita, imepangiwa wati 65 tu, na soketi yake ya AM4 (tundu inamokaa kwenye bodi) imebeba Ryzen tangu zile za kwanza za 2017, kwa hiyo vipuri vyake haviadimiki hata huku kwetu. Nilisoma. Bando za wiki zilikuwa zinakata Jumatano kwa sababu ya video za mafundi wa Kihindi.

Duka lipo mjini kati. Silitaji jina wala mtaa. Niliuliza maswali matatu tu siku ile.

"Kaka, hii bodi inakubali 5600?"

"Inakubali, hiyo ni kuchomeka tu."

"Na kadi ni 580 kamili?"

"Si unaona imeandikwa?"

"Saplai itabeba vyote?"

"Wati 600 hiyo bosi, hata friji inabeba."

Nikaomba risiti ya EFD, nikaambiwa mashine inasumbua mtandao. Nikaandikiwa ya mkono, chini imegongwa muhuri mwekundu: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Hapo ndipo ningegeuka niende zangu. Sikugeuka, nilikuwa na furaha kama mtoto wa Idi.

Usiku wa kwanza nilikosea mwenyewe na nakiri hapa hadharani. Nimefunga kila kitu, nimewasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi. Saa nzima. Kumbe waya wa HDMI nimeuchomeka kwenye bodi badala ya kwenye kadi. Ile 5600 haina grafiksi ndani yake, zenye grafiksi ni zile zenye herufi G mwishoni, kwa hiyo tundu la HDMI la kwenye bodi lilikuwa pambo. Nikahamisha waya. Kioo bado cheusi.

Sasa hii ya pili haikuwa yangu. Bodi za B450 zilitoka 2018. Ryzen 5000 zilianza kuuzwa Novemba 2020, na hii 5600 ilikuja 2022. Bodi iliyokaa stoo tangu enzi zile haiijui hii prosesa mpaka uisasishe BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiamsha kompyuta. Zipo bodi zenye tundu la kusasishia kwa flashi pekee bila hata prosesa, yangu haimo. Kwa hiyo "inakubali" ya muuzaji ni kweli ya kisheria, kama kukuuzia ng'ombe wa maziwa bila kukwambia hajazaa. Fundi wa Nyegezi aliichomeka Ryzen ya zamani, akasasisha, akanitoza 30,000. Nilipompigia muuzaji akacheka. "Si nilikwambia inakubali?"

Basi, ikawaka. RAM ilikuwa inakimbia 2400 wakati imeandikwa 3200, nikaingia BIOS nikawasha XMP (mpangilio unaoiruhusu RAM kukimbia kasi iliyoandikwa), ikakaa sawa. Vijiti viwili nilivipanga tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Hilo mkosapo mnapoteza kasi bure, wengi wanavibananisha pamoja kwa kupenda tu vinavyoonekana.

Nikafungua gemu la mpira. Linaenda, ila siyo vile nilivyoona kwa watu wenye kadi kama yangu na mipangilio kama yangu. Nikashusha GPU-Z, programu ya kukagua kadi. Jina linasoma RX 580, sawa. Nikashuka mpaka mstari wa Shaders, yaani idadi ya viini vya kuchorea picha: 2048.

Wakuu, RX 580 ina 2304.

Ipo kadi halali kabisa inaitwa RX 580 2048SP. Ilitolewa 2018 kwa soko la China, na ndani yake ni RX 570 iliyovishwa jina la kaka yake. Siyo kadi ya kutupa. Kama ningeambiwa ni hiyo, na bei yake ikawa ya hiyo, ningeichukua na kushukuru. Mimi nimelipa 380,000 ya kaka mtu nikapewa mdogo mtu. Na nilipofungua feni zake nisafishe nikakuta mafuta ya zile pedi za joto yametiririka mpaka kwenye bati la nyuma, dalili ya kadi iliyopikwa muda mrefu. Ethereum, ile sarafu ya kidijitali iliyokuwa inachimbwa kwa kadi za grafiksi, ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, kadi za wachimbaji zilimwagwa sokoni dunia nzima, na nyingine ziko Mwanza zinaitwa "yuzdi kidogo". Kadi iliyochimba siyo lazima iwe mbovu. Lakini mwambie mtu! Hata mzee wangu pale Mwaloni dagaa wa jana anawaita dagaa wa jana.

Haya, tufike kwenye saplai, maana ndiyo iliyonifanya nisilale.

Kwanza ilikuwa na ile swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Ilikuwa imekaa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Ningechomeka vile vile ingelipuka palepale, na bahati jicho liliiona. Wangapi hawaioni?

Pili, haikuwa na waya wa pini nane wa kulisha kadi. Muuzaji akanipa adapta, upande mmoja moleksi (plagi ya zamani ya pini nne), upande wa pili pini nane, akasema "hii ndiyo kila mtu anatumia". Tundu la pini nane limepimwa kwa wati 150. Ule waya wa adapta ulikuwa mwembamba kuliko wa chaja yangu ya simu.

Usiku wa nane, nikiwa na mpwa wangu, dakika kama ya sabini ya mechi, nikasikia harufu. Mwanzoni nilidhani ni wale vidudu wa ziwani, maana msimu wao wanaingia kwenye feni kwa maelfu na wakigusa moto wananuka. Mpwa ndiye aliyesema, "Mjomba, kuna moshi." Kioo kikazima. Nikang'oa waya ukutani. Adapta ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, pini mbili nyeusi, na tundu la kadi limeganda nayo. Ilibidi niivute kwa koleo.

Asubuhi nikaibeba saplai mpaka kazini. Tuna mzani wa kupimia dagaa. Nikaiweka. Gramu 740. Jirani yetu ana kijana anayesoma, ana kompyuta yenye saplai ya kweli ya wati 550, nikamwomba aniletee. Ikapanda mzani ikasimama kwenye kilo moja na gramu 900. Akina mama wanaochambua dagaa walikuwa wameshatuzunguka. Mmoja akazishika zote mbili mikononi akaniambia, "Baba, hii nyepesi ndani hamna nyama." Hakuna fundi aliyewahi kunieleza saplai vizuri kuliko yule mama. Shaba, koili na vipoza joto vina uzito, ukivipunguza unabaki na bati na feni.

Na uzito siyo ushahidi pekee. Geuza saplai yoyote usome kibandiko. Juu, kwa herufi nyekundu kubwa: 600W. Chini, kwa herufi za kusomea kwa lenzi: +12V, 18A. Prosesa na kadi vyote vinakula kwenye hiyo laini ya volti 12. Zidisha: 12 mara 18 ni 216. Basi! Hizo ndizo wati zangu, na hapo nimekubali kwamba kibandiko chenyewe hakidanganyi. RX 580 ya kweli imepangiwa wati 185, prosesa 65, tayari 250. Hata hii kadi yangu pungufu inayokula kama 150, ongeza prosesa ni 215, bado bodi, feni na SSD. Yaani nimeuziwa daladala ya abiria kumi na wanane, nikaambiwa ni basi la mikoani.

Nimerudi dukani Jumatatu na vyote kwenye mfuko wa salfeti. Yule kijana hakutazama hata kibandiko. Akaita bosi wake. Bosi akauliza swali moja tu: "Nani alifunga?"

Nikasema mimi.

"Basi mdogo wangu, hivi vitu siyo vya kujifunzia. Ungelipa elfu hamsini tukakufungia, ungekuwa na waranti. Umefunga mwenyewe, umeunguza mwenyewe."

Nikamwonyesha zile namba, 2048, 18A. Akasema hizo ni za kwenye mtandao. Kibandiko kiko mkononi mwake, anasema ni za kwenye mtandao! Halafu yule kijana akachomekea, "Huyu ndiye aliyenipigia kuuliza HDMI inachomekwa wapi." Wateja wakacheka. Kweli nilimpigia usiku ule. Wakuu, kosa langu la HDMI halikuunguza kitu chochote, lilinipotezea saa moja tu, lakini ndilo lililotumika kufuta makosa yao matatu. Nimetoka pale masikio yanawaka.

Hiki ndicho kinachonichoma kuliko hela. Kufunga kompyuta siyo uchawi. Ni bisibisi moja, uvumilivu, na kusoma. Ila hawa wenzetu wameligeuza kuwa mtego: ukifunga mwenyewe, chochote walichokuuzia kinakuwa kosa lako, na ukitaka wafunge wao, unalipa elfu hamsini ili wakuwekee saplai ileile ya gramu 740.

Na ule muhuri mwekundu usiwatishe. Mimi nimerudisha kitu ambacho hakikuwa kile nilichouziwa, siyo kitu nilichokichoka. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Malalamiko ya aina hii yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Barua nimeshaiandika, picha ya mzani nimeambatanisha. Wanasheria wa humu nirekebisheni nilipokosea kabla sijaituma Ijumaa.

Ninachodai ni 475,000, ya kadi na ya saplai. Ile 30,000 ya fundi na kicheko cha wateja nimewasamehe.

Maswali yangu kwenu. Nani Mwanza, au hata Musoma na Bukoba, anajua pa kupata saplai ya kweli, yenye alama ya 80 Plus (ile ya kuthibitisha haipotezi umeme mwingi) na angalau ampia 40 kwenye volti 12? Kariakoo naweza kutumiwa kwa basi, ila nataka mtu aliyeishika kwa mkono. Na je, tundu la pini nane lililoyeyuka linabadilishwa na fundi wa kawaida, au nisijisumbue? Bodi, prosesa na SSD nimevijaribu kwa saplai ya yule kijana, vipo hai.

NYONGEZA, saa tano asubuhi: Sijataja duka, sijataja mtaa, lakini wamejitambua. Nimepata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa bosi: "Mdogo wangu futa ule uzi uje tuyajenge, tukupe saplai nyingine." Nikamuuliza hiyo nyingine ina ampia ngapi kwenye volti 12. Tiki mbili za bluu, kimya.

NYONGEZA YA PILI, saa nane mchana: Amejibu. Ametuma picha. Imeandikwa 650W, kwa herufi nyekundu, na chini pale wameziba kwa kidole gumba.

Uzi sifuti.