Tupeane uzoefu: pilau ikishaliwa, sakramenti za watoto mnaziendelezaje nyumbani?

Mama Kisasa (mwenye mada):
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Kijana wetu yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza hapa Dodoma mjini. Kikao cha ukoo kimezungumzia turubai, pilau na sare mpaka giza likaingia. Mtoto atabaki na nini baada ya sherehe, hakuna aliyegusia. Mimi naamini imani ya mtoto inashikwa na mambo madogo ambayo nyumba inayarudia kila mwaka.

Kwetu ni mshumaa wa ubatizo, ule uliowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka. Kila mtoto wake umeviringishwa kwenye kitambaa cheupe cha siku ile ile. Tarehe ya ubatizo ikifika, tukishakula jioni tunazima taa, baba yao anauwasha, mwenye siku anaushika, tunarudia ahadi za ubatizo na kusali Baba Yetu. Kisha unazimwa mara moja, maana tunataka umfikishe ukubwani. Wa kitinda mimba umepinda kwa joto letu la Novemba, lakini ukimtajia mwingine hataki kusikia. Papa Fransisko alikuwa akihimiza waamini waijue tarehe ya ubatizo wao. Wanangu wanaijua kama ya kuzaliwa. Wenzangu je?

Baba Mpwapwa:
Milele amina, dada. Kwetu ni siku ya kuanza shule. Marehemu baba alikuwa katekista wa kigango. Asubuhi ya Januari mtoto anaingia darasa la kwanza, kabla hajabeba begi, mzee alichovya kidole kwenye maji ya baraka, akamwandikia alama ya msalaba kwenye paji la uso na kumwita kwa jina la ubatizo. Padre, wazazi na wasimamizi hufanya hivyo hivyo mwanzoni mwa ibada ya ubatizo, kwa hiyo mzazi ana haki kabisa ya kuendelea. Siku hizi nafanya mimi. Binti yangu yuko bweni, kidato cha pili. Muhula uliopita bodaboda imeshawashwa, begi limefungwa, akashuka, akarudi ndani na kuniinamishia kichwa. Hakusema neno.

Mkulima wa Hombolo:
Mbukwenyi! Sisi wa zabibu tuna neema yetu. Wangu alipokea Komunyo ya Kwanza mwezi wa nane, wakati wa mavuno. Jumamosi yake nikampa mkasi, akakata kichala mwenyewe, nikamweleza kwamba divai ya Misa lazima iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Aliuliza, "Baba, hata hizi zetu?" Nikamwambia hata hizi. Tangu hapo kila msimu kichala cha kwanza anakipeleka yeye kwenye matoleo, kabla hatujamuuzia mtu hata kilo.

Mama Chang'ombe:
Mimi nalea peke yangu, sherehe kubwa siwezi. Tunaadhimisha sikukuu ya somo, yaani mtakatifu ambaye mtoto anaitwa kwa jina lake. Aitwaye Yosefu, tarehe 19 Machi anachagua chakula (siku zote ni wali na mlenda!), anachagua wimbo, nasi tunasimuliana habari za mtakatifu wake. Inatosha kabisa.

Shangazi wa Kondoa:
Naongeza la wasimamizi. Tusitafute mwenye gari. Kanisa linataka awe ametimiza miaka 16, amepata kipaimara na Ekaristi, anaishi maisha yanayolingana na imani. Mama wa ubatizo wa mpwa wangu hana kitu, lakini kila Kwaresima anakuja wanafanya Njia ya Msalaba pamoja. Kipaimara kikifika tutamchukua huyo huyo, na Kanisa lenyewe linashauri hivyo.

Mgeni Area D:
Nimeguswa. Ila mshumaa wetu ulipotea tulipohamia huku, na tarehe siikumbuki.

Mama Kisasa:
Usijali, mpendwa. Nenda parokia alikobatizwa au wapigie ofisini: tarehe iko kwenye daftari la ubatizo, na humo humo huongezwa kipaimara na ndoa baadaye. Mshumaa nunua mwingine, mwombe paroko aubariki baada ya Misa, na mwaka huu mtoto aandike jina na tarehe kwa mkono wake.