Natafuta mwalimu wa piano wa kuja nyumbani Dar, mtoto wa miaka 7 na mama yake

MamaTabata

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kwa yeyote mwenye uzoefu.

Nina binti wa miaka 7, yuko la pili, kinanda anakipenda mpaka basi. Hapa nyumbani kuna kibodi kidogo cha watoto, amekaa nacho mwenyewe akatafutatafuta mpaka kaupata wimbo wa kwaya ya watoto, mkono mmoja, hakuna aliyemwelekeza. Nataka apate mwalimu mapema hamu ikiwa bado moto. Na mimi nina 38, naimba alto kwaya kuu, solfa (zile nota za d r m) nasoma vizuri tu lakini kinanda sijawahi kujifunza, nikawaza kama mwalimu atakuwa anakuja nyumbani basi atufundishe wote wawili.

Shida ni kwamba mambo ya kinanda siyajui, sasa mwalimu namchaguaje? Nimeongea na wawili. Mmoja ni kijana anapiga kanisa la jirani, anapiga jamani mpaka mwili unasisimka, bei yake ya kawaida na anakaa hukuhuku Tabata, anasema ndani ya miezi mitatu mtoto atakuwa anapiga ibadani. Wa pili ni dada anafundisha watoto huko Masaki, yeye ni wa nota na mitihani ya Uingereza, bei imesimama halafu anataka kwanza ninunue piano ya kii 88. Nimchukue nani na nimpime kwa kitu gani? Na mtu wa umri wangu inawezekana kweli au nijikalie na alto yangu? Nawasilisha.

MpigaKinandaMoshi

Hongera sana dada kwa kumsikiliza mtoto, wazazi wengi wanaona ni kelele.

Mimi napiga kanisani na nafundisha pia. Huyo kijana usimdharau, ila usimchukue kwa sababu tu anapiga vizuri, kupiga na kufundisha ni kazi mbili tofauti kabisa. Wapiga vinanda wengi wa makanisani wamejifunza kwa sikio wakiwa wamesimama pembeni ya mkubwa wao, na kuna wanaojua kupiga kwenye ufunguo wa C peke yake, kwaya ikianza wimbo kwenye E flati mtu anabonyeza kitufe cha transpozi kinanda kinapanda chenyewe, vidole bado viko C. Ibadani hakuna anayejua na wimbo unaenda vizuri. Lakini mtoto akilelewa hivyo anaganda hapo, siku akikaa kwenye piano ya mbao isiyo na hicho kitufe anakuwa mgeni.

Kwa hiyo mpime hivi. Mwambie aweke transpozi sifuri apige tenzi moja kwenye F, halafu ileile kwenye D, halafu A flati. Akiweza bila kuhangaika huyo anakijua kinanda. Halafu mpe karatasi ya nota asiyowahi kuiona, hata fupi ya mistari minne tu, uone kama anasoma au anakwambia ngoja nikaisikilize kwanza. Huyo dada wa Masaki naye mpime upande wake, mwimbie kitu kifupi mwambie akitafutie kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hapohapo. Wapo waalimu wazuri wa nota ambao ukiwatolea karatasi mikono inasimama, na mtoto wa kanisani kwetu anahitaji vyote viwili.

Kubwa kuliko yote, omba kipindi kimoja cha majaribio, kilipie, na ukae hapohapo sebuleni uangalie. Angalia nani anapiga zaidi, yeye au mtoto. Angalia mtoto akikosea mwalimu anafanyaje, anauondoa mkono wa mtoto na kupiga yeye, au anamrudisha noti mbili nyuma na kumsubiri asikie mwenyewe. Angalia kama amehangaika na kiti. Kiwiko kiwe usawa wa kii, mabega yameshuka, vidole vimekunjika kidogo, na kwa mtoto wa miaka 7 miguu haifiki chini kwa hiyo awekewe kigoda au hata mabuku ya zamani akanyagie. Mwalimu anayeruka hilo akaanza na kodi dakika ya kwanza, mimi simpi mwanangu.

Kuhusu miezi mitatu, mkono wa kulia na kodi tatu kwenye pambio moja inawezekana. Ila asimwahidi mtoto, mtoto anahesabu siku.

BabaWawili

Mama Tabata mimi wanangu wanafanya mitihani ya ABRSM, ngoja nikueleze ilivyo maana watu wanaiogopa bure, na wengine wanaipenda kupita kiasi. Ni bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ipo tangu 1889, ina gredi 1 mpaka 8, chini ya gredi 1 kuna moja ya kuanzia ya watoto wadogo. Mtihani wa kawaida mtoto anapiga vipande vitatu, anapiga skeli (noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio), anapewa nota mpya asome palepale, na anapimwa sikio. Tangu 2020 kuna aina nyingine, unapiga vipande vinne unarekodiwa video inatumwa, hakuna kukaa mbele ya msahihishaji. Ukitaka kuingia gredi 6 kwa kawaida unatakiwa kwanza uwe na gredi 5 ya nadharia, hapo ndipo wengi wanakwama kwa sababu mwalimu alikuwa anafundisha vidole tu miaka yote.

Faida yake ni kwamba hata ukihama mji au ukibadilisha mwalimu, mwalimu mpya anajua mtoto ameishia wapi. Hasara yake nimeiona kwa macho yangu, kuna mwalimu alikuwa anamfundisha mkubwa wangu vile vipande vitatu mwaka mzima, vitatu tu, mtoto alifaulu lakini ukimwambia apige kitu chochote nje ya hapo hana. Tukaachana naye kwa heshima. Huyu wa sasa mtihani anaanza kuugusa miezi michache kabla, muda mwingine wote wanapiga nyimbo nyinginyingi fupi.

Kwa hiyo dada wa Masaki muulize hivi, kati ya mtihani mmoja na mwingine mnapiga nini? Jibu lake litakuonyesha mengi.

Bei mimi nalipa elfu 30 kwa nusu saa akija nyumbani, nauli ndani yake. Mtoto wa miaka 7 nusu saa inatosha, saa nzima umakini unakuwa umeshaisha na unalipia miayo. Bora nusu saa mara mbili kwa wiki kama mfuko unaruhusu. Na mkubaliane mapema kabisa ikitokea mmoja hajatokea inakuwaje, mvua ya Dar mnaijua, mwalimu akikwama njiani hela inahamia kipindi kijacho au imeliwa? Sisi tuliandika kwenye karatasi na hatujawahi kugombana.

Dogo_Mbeya

Mwalimu wa nini dada, YouTube ipo bure, mimi nimejifunza hukohuko na sasa napiga. Okoa hela ununue kinanda kizuri.

MpigaKinandaMoshi

@Dogo_Mbeya kwa mtu mzima mwenye sikio inasaidia sana, nakubali. Ila video haikuoni. Mtoto anabana kifundo cha mkono, anapiga kwa kidole kimoja kilichokakamaa, video inaendelea tu. Miezi sita ya hivyo na mwalimu anayekuja baadaye anaanza kubomoa kabla hajajenga. Mtoto mdogo anahitaji jicho la mtu.

Nesi_wa_Mwanza

Mama Tabata hilo swali la umri nalijibu mimi, nilianza nikiwa na 41 na sasa napiga jumuiya na misa za asubuhi katikati ya wiki. Inawezekana, na wewe unaanza na mtaji mkubwa usioujua. Hiyo solfa ni mali. Unaijua sauti ya m kwenda f na ya t kwenda d bila kufikiri, watu wanatumia miaka kuipata hiyo. Kinachobadilika ni kwamba kwenye solfa d inahama na wimbo, kwenye kinanda kila d ina ramani yake ya kii nyeupe na nyeusi. Do ikiwa C zote nyeupe. Do ikiwa G, ile t yako inaangukia F shapu, kii nyeusi. Do ikiwa F, ile f inaangukia B flati. Mwambie mwalimu akuanzie hapohapo kwenye solfa uliyonayo akupeleke kwenye nota za mistari, asikuanze kama mtoto.

Kitakachokutesa ni mkono wa kushoto, na haraka ya kutaka kusikia wimbo mzima. Mkono mmoja mmoja, polepole mpaka inaboa, metronomu (kile kinachokugongea mapigo) ipo bure kwenye simu. Na dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi, hili nakwambia kwa sababu mimi ni wa zamu za usiku na nilijaribu zote mbili. Weka kinanda sehemu unayopita, sio chumbani kimefunikwa kitambaa.

Halafu kitu kimoja, vipindi vyenu visichanganywe. Wewe na binti kila mtu na muda wake na mwalimu. Mtoto anashika haraka, wewe unaelewa haraka, mkiwekwa pamoja mmoja atavunjika moyo.

Wanjiku_Nai

Hamjambo, mimi niko Nairobi. Huku tuko na bahati kidogo, Kenya Conservatoire of Music iko tangu 1944 na mtu anaweza enda huko kuulizia mwalimu ambaye amesoma. Dar sijui sana lakini Tanzania si muko na chuo cha sanaa TaSUBa hapo Bagamoyo, na chuo kikuu cha Makumira hapo Arusha wanafundisha muziki mpaka digrii? Wanafunzi wa mwaka wa mwisho na wale wamemaliza huwa wanatafuta watoto wa kufundisha, na hao wako na sikio la kanisa na nota pia. Ningeanzia huko. Zanzibar nao kuna Dhow Countries Music Academy, hapo ni taarab sana sana, lakini waalimu wanajuana.

Ingine ni usalama, na hii hamjaisema. Mtoto ni wa miaka 7. Masomo yafanyike sebuleni, mlango wazi, mtu mzima wa nyumba akiwa karibu, hata kama mwalimu ni wa kanisa na munamjua. Mwalimu mzuri hatakasirika, ata yeye inamlinda. Na mtu wa kugonga mtoto vidole na rula, atoke siku hiyo hiyo. Bado wako.

BabaWawili

@Wanjiku_Nai asante kwa hilo la mlango, nilipaswa kuanza nalo.

MamaTabata

Wakuu nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Nimewaomba wote wawili kipindi cha majaribio wiki ijayo, nitakaa sebuleni na daftari. Na kuna binti wa kwaya yetu kaka yake amesoma Makumira, naye namfuatilia.

Sasa limebaki la kinanda. Kile cha watoto naona hakifai. Kuna mzungu anahama Oysterbay anatoa piano ya mbao ya zamani, bei ndogo mno, karibu na bure, nikaona ni baraka. Niichukue?

MpigaKinandaMoshi

Dada subiri kidogo kabla hujakodi kirikuu cha kuibebea.

Piano ya mbao ikiwa nzima hakuna kinachoifikia, lakini ya zamani iliyokaa karibu na bahari inabidi uikague kama unavyokagua gari lililotoka bandarini. Ndani kuna nyaya kama 230 na kwa pamoja zinavuta uzito wa tani nyingi, chumvi ya hewa inazila kutu, unyevu unavimbisha mbao, mchwa wanaingia kwa nyuma na panya wanakula vitambaa vya nyundo. Nenda na tochi. Fungua kifuniko cha juu na ubao wa chini karibu na pedali, angalia unga wa mchwa, angalia nyaya kama zimegeuka kahawia, na fremu ya ndani iwe ya chuma nzima, zipo za kale sana zina fremu ya mbao hizo achana nazo. Piga kii zote moja moja uone zinazoshuka zisirudi.

Halafu weka programu ya kutyuni (ya kupima kama sauti iko sawa) kwenye simu, piga A iliyo juu ya C ya katikati. Inatakiwa isome 440. Ikisoma 430 na kitu inarekebishika. Ikiwa 415 imeshuka nusu toni nzima, kuirudisha inabidi ityuniwe zaidi ya mara moja na nyaya zilizoliwa kutu zinaweza kukatika zikivutwa. Pini zinazoshika nyaya zikiwa zimelegea haitashika tyuni hata ukilipa fundi kila mwezi. Na hata iwe nzima, piano Dar inataka kutyuniwa angalau mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kabla ya kulipa uwe tayari umempata fundi na umemsikia bei, wa piano hapa ni wachache. Isikae kwenye upepo wa eisii wala dirisha la jua.

Kama hujapata fundi wa kwenda naye, mimi ningechukua piano ya umeme ya kii 88 zenye uzito kama za piano ya mbao, hata Yamaha P-45 iliyotumika. Mfuko ukigoma, kibodi cha kii 61 kinatosha kuanzia kwa mtoto, lakini kisiwe cha sauti moja. Pale dukani Kariakoo bonyeza kii kwa upole halafu kwa nguvu, sauti zikilingana kirudishe, mtoto hatajifunza kugusa. Muulize muuzaji adapta yake ni volti ngapi na ununue ya akiba kabisa, umeme ukirudi kwa kishindo huwa inaondoka adapta kwanza.

Hiyo ya Oysterbay ukienda kuiona nitumie inboksi picha za ndani, nyuma, na zile pini za juu kwa karibu, nitakwambia ninachoona.