Tupeane uzoefu: chakula cha nyumbani cha Kichina kwa watu wawili

Karai la Chuma: Wakuu, tuzungumzie kile Wachina wanachopika majumbani mwao jioni, si vile vya hotelini vya kukaangwa kwa unga na kumwagiwa sosi tamu. Cha nyumbani ni chepesi: wali mweupe, sahani ya mboga za majani, sahani ya mayai au samaki au nyama kidogo iliyochanganywa na mboga, na mara nyingi bakuli la supu. Kwa wawili, mchele gramu 150, nyama gramu 150, mboga gramu 300. Mwenye uzoefu aweke vipimo vyake hapa na aseme panapoharibika.

Hoho Mbili: Nyanya na mayai. Mayai 3, nyanya 2 kubwa zilizoiva hasa. Piga mayai na chumvi robo kijiko cha chai. Pasha mafuta kijiko kimoja na nusu cha chakula mpaka tone la yai likidondoka linaumuka papo hapo. Mimina, sukuma taratibu, toa mayai yakiwa na ubichi kidogo juu. Kwenye karai hilohilo tia mafuta kidogo, vitunguu majani upande mweupe, kisha nyanya na chumvi kidogo ili zitoe maji. Ponda dakika 4 au 5 hadi mchuzi uwe mzito. Sukari nusu kijiko cha chai. Rudisha mayai, geuza mara mbili tatu, epua. Yakizidi hapo yanakuwa magumu kama sponji.

Bi Saumu: Sukari ya nini? Nyanya iliyoiva ina utamu wake.

Hoho Mbili: Dada, hata China kwenyewe hilo linabishaniwa, wengine hawagusi sukari, wengine hawapiki bila hiyo. Nyanya za tenga huchumwa zikiwa bado ngumu ili zistahimili safari, ndiyo maana zina uchachu. Nusu kijiko inauvunja tu huo uchachu.

Bi Saumu: Basi anunue zilizoiva.

Jiko Moja: Sukari iwepo. Naunga mkono.

Fundi wa Moto: Mmenigusa penyewe kwenye habari ya karai. Wakati mbaya kuliko wote ni ule nyama inapoingia, unasikia "chaaa" sekunde mbili tatu, halafu sauti inakatika. Kimya. Pembeni yanatokeza maji ya kijivu, yanafanya povu, nyama inajikunja na kukakamaa. Kuanzia hapo hukaangi tena, unachemsha, na ukiongeza moto unaikausha tu. Sababu ni tatu: nyama imetoka kwenye friji moja kwa moja ikiwa na maji, imejazwa yote kwa mkupuo, na karai halikupata moto wa kutosha. Majiko yetu ya gesi ni madogo ukilinganisha na ya hotelini, kwa hiyo kupikia wawili ni nafuu kubwa: gramu 150 zinatandazika chini zote bila kupandana.

Fanya hivi. Kidari cha kuku kikate vipande vyembamba vya milimita 3, kisu kikikatiza nyuzi za nyama. Futa maji. Tia sosi ya soya nyepesi kijiko 1 cha chai na maji kijiko 1 cha chakula, kanda kwa vidole mpaka maji yote yanywewe. Ndipo utie konflawa kijiko 1 cha chai, na mwisho mafuta kijiko 1 cha chai ili vipande visigandane. Iache dakika 15. Pasha karai likiwa tupu hadi tone la maji litembee juu yake kama shanga, weka mafuta, tandaza nyama, USIIGUSE kwa sekunde 30. Geuza, toa ikikaribia kuiva. Pika hoho au karoti peke yake, kisha rudisha nyama iive kabisa.

Chainizi: Hata mboga ni hivyohivyo. Chainizi ikioshwa ikungʼutwe na kufutwa kwa kitambaa. Kitunguu saumu punje 3 kiingie mafuta yakiwa vuguvugu, kikiungua kinatia uchungu sahani nzima. Shina dakika moja, majani sekunde 40, chumvi mwishoni.

Jiko Moja: Chumvi mwanzoni jamani, ndiyo inabakiza kijani.

Chainizi: Mwanzoni inavuta maji, mboga inalala.

Kijiko Nusu: Watu huhofia mafuta wakati hatari iko kwenye chupa nyeusi. Sosi ya soya nyepesi, kijiko kimoja cha chakula kina zaidi ya gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Ukitia sosi, chumvi iache. Ile nzito ni ya rangi, matone tu. Na MSG, ule unga mweupe wa kukoleza ladha, ni bora kutupa.

Fundi wa Moto: Hapana mkuu. Kinacholeta ladha kwenye MSG ni glutameti, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye nyanya. Mwanakemia Ikeda wa Japani aliitoa kwenye mwani mwaka 1908. Sodiamu ya MSG ni asilimia 12 hivi, ya chumvi ni 39. Ukitia chembe chache na kupunguza chumvi, umepata nafuu.

Kijiko Nusu: Wanaotia hawapunguzi chumvi. Hapo ndipo nilipo.

Supu Nyepesi: Kabla hamjaendelea, anayetumia uyoga mweusi wa kukausha asome hapa. USIULOWEKE usiku kucha mezani. Ukikaa majini muda mrefu kwenye joto, bakteria wanaweza kutengeneza asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha na haina dawa ya kuitengua. Oktoba 2020 mkoani Heilongjiang, China, watu 9 wa ukoo mmoja walikufa baada ya kula tambi za mahindi yaliyochachushwa, zilizokaa kwenye friza karibu mwaka. Na si mbali na sisi: Chitima, Msumbiji, Januari 2015, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji, na sumu iliyopatikana ni hiyohiyo. Loweka kiasi cha mlo mmoja, maji vuguvugu, dakika 30 hadi saa moja. Ukiteleza kwa utando au ukinuka, tupa.

Bi Saumu: Mungu wangu. Kumbe ile ya Msumbiji ndiyo hii?

Jiko Moja: Na wali wa jana je?

Supu Nyepesi: Huo ni bakteria mwingine, ila kanuni inafanana. Utandaze upoe haraka, friji ndani ya saa moja, ukaange kesho yake. Uliolala kwenye sufuria jikoni usiutamani.

Hoho Mbili: Turudi jikoni. Mayai ya mvuke: mayai 2, maji vuguvugu mililita 150 hadi 200, chuja, funika bakuli kwa kisahani, moto mdogo dakika 10. Moto mkali unayatoboa matundu.

Karai la Chuma: Na sato wa mvuke wa nusu kilo: maji yachemke kwanza, ndipo aingie kwenye mvuke akiwa sahanini, dakika 8 au 9. Maji yaliyobaki sahanini MWAGA, ndiyo yenye shombo. Weka tangawizi na vitunguu majani vibichi juu, mwagia mafuta ya moto vijiko 2, sosi ya soya kijiko kimoja pembeni.

Bi Saumu: Asiye na chombo cha mvuke?

Karai la Chuma: Kibakuli cha bati kipinduliwe ndani ya karai, sahani ikae juu yake, maji yasifike sahani. Mfuniko ukikosekana, sinia.