Nimepeleka rivolva ipanuliwe iwe .44, fundi KAVUA MIWANI mbele ya watu

Tundu ni Tundu (mleta mada)

Wakuu, salamu baadaye. Mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Kuna fundi mmoja wa silaha. Simtaji. Mnamjua wote, msijifanye. Yule mwenye miwani ya kamba shingoni, ambaye ukimpigia simu anasema "sema" badala ya haloo. Huyohuyo.

Nina rivolva yangu ya fremu ya kati, yaani kiwiliwili chake si kikubwa si kidogo, Smith & Wesson Model 19, .357 Magnum (hizi namba ni upana wa risasi kwa inchi), matundu sita ya kuwekea risasi. Haijawahi kunigomea hata siku moja. Shida ni kwamba wenzangu kwenye shabaha wote wana .44. Wao wakipiga bati linalia NGOOO, watu wanageuka. Mimi nikipiga linalia ti, kama kijiko kimedondoka sakafuni. Nikawaza, tundu ni tundu. Kama dogo, si unalichimba linakuwa kubwa? Nikatoa risasi zote, nikaifunga bastola kwenye kitambaa changu cha manjano, kile laini ambacho hata mke wangu haruhusiwi kukigusa, nikaenda.

Nikafika kwa adabu zote. "Shikamoo fundi. Naomba unipanulie matundu yote sita yawe .44 Special, na mtutu ufuate." Akaipokea. Akafungua silinda, lile gurudumu lenye matundu. Akaiangalia. Akaniangalia mimi. Akaiangalia tena silinda.

Halafu, wakuu, AKAVUA MIWANI.

Hamjanielewa bado. Hakuivua kama mtu aliyechoka macho. Aliivua polepole, kwa mikono miwili, kama anavua kofia msibani. Akachukua kitambaa CHANGU cha manjano. Akapumulia kioo cha kulia, haaa. Akafuta. Akapumulia cha kushoto, haaa. Akafuta. Karakana nzima kimya, watu wanne wamesimama na mizigo yao wanasubiri hukumu. Akaivaa tena, akaangalia silinda mara ya tatu, akamwita spana boi wake: "Dogo, acha hiyo, njoo uone. Huyu baba anataka kulaza tembo sita kwenye banda la kuku."

Dogo akaja. Ndevu hana hata moja ya kuazima. Akachungulia, akaniambia, "Pole baba."

Pole baba! Nimefiwa mimi?

Kicheko kilichofuata, nahisi mashine ya kukereza ilizima yenyewe. Kuna mzee alikuja kuchukua skrubu moja tu, akaomba kiti ili acheke vizuri. Na vernia, kile kipimio cha unene, ilikuwa pale mezani, shubiri moja kutoka mkono wake! HAKUISHIKA. Fundi gani anakukatalia kazi bila kupima? Muda wa kufuta miwani anao, muda wa kupima hana.

Nikajitetea: mbona Charter Arms wana Bulldog, kibastola kidogo tu, .44 Special, kipo tangu 1973? Akanijibu bila hata kuinua uso: "Hesabu matundu yake." Nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kuyahesabu.

Akanirudishia bastola mkono mtupu. Kitambaa akabaki nacho. Nimegundua nilipofika nyumbani. Sasa hivi ninavyoandika hapa, anafutia miwani.

Sitaki hesabu, sitaki somo. Nataka mniambie kama ni haki mtu mzima kuvuliwa miwani namna ile.

Siti ya Mbele

Nimekaa. Bisi ninazo. Endeleeni.

Bomba Nene

Mkuu, fundi amekuheshimu. Mimi ningevua na viatu.

Tundu ni Tundu

Kwa hiyo wewe unaona sawa mtu apumulie kioo cha kulia, afute, halafu apumulie cha kushoto, kwa kitambaa cha mteja?

Bomba Nene

Alitakiwa aanze na cha kushoto?

Vernia

Umesema hutaki hesabu, nakuletea.

Silinda ya fremu yako, hiyo wanayoiita K, ina kipenyo cha inchi 1.45 hivi, yaani kama milimita 37. Ganda la .44 Special mwilini ni milimita 11.6. Tuseme umeacha ukuta wa nje wa milimita 2 tu, ambao mimi nisingethubutu kusimama karibu nao. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake unabakiwa na milimita 10 na nusu. Tundu lenyewe linataka 11.6. Matundu yanaingiliana. Huna silinda tena hapo, una ua la petali sita. Na sijagusa ukingo wa kitako cha ganda, ambao ni milimita 13.

Fundi hakuhitaji vernia. Aliona kwa macho, akadhani macho ndiyo mabovu, akafuta miwani. Mimi hapo nimemwelewa kabisa.

Tundu ni Tundu

Nimesema SITAKI HESABU. Na angeniambia hivyo hivyo ulivyosema ningemwelewa. Ni ile haaa. Nikifumba macho naisikia.

Mzee wa Bati

Kijana, Bulldog ina matundu matano. Smith & Wesson wenyewe mwaka 1996 walipotaka kuweka .44 Special kwenye fremu ya kati walitumia fremu L, kubwa kidogo kuliko K yako, silinda yake inchi 1.56 hivi, Model 696. Matano. Ruger wakaja na GP100 ya .44 Special mwaka 2017. Matano. Wenye viwanda wote hao wamemeza mate wakatoa tundu moja, wewe ulitaka ubaki na sita.

Na faida ya matano si nafasi peke yake. Kwenye silinda ya matundu sita, tundu la juu likinyooka na mtutu, kuna lingine chini yake moja kwa moja, na hapo chini ndipo kishikizo kinapong'ata silinda isizunguke. Kile kijishimo cha kishikizo kinachimbwa karibu juu ya tundu lenyewe, pale pembamba kabisa. Ukiwa na matano, chini panaangukia katikati ya matundu mawili, kwenye nyama. Sasa wewe ungepanua sita, kijishimo kingekutana na risasi uso kwa uso.

Siti ya Mbele

"Kwenye nyama" 😂 mzee kaeleza kama bucha.

Vernia

Mzee kamaliza. Niongeze mtutu tu. Model 19 kitako cha mtutu, pale risasi inapotoka kwenye silinda kuingia, kimepunguzwa chini kikawa bapa ili mkono wa silinda upate pa kufungia. Pale pale ndipo zinapopasuka watu wakizilisha .357 nyepesi za moto zenye uzito wa greni 125, kama gramu 8. Kwa risasi yake halali panapasuka, mleta mada anataka apachimbe zaidi.

Skrubu Tatu

Msimkatishe tamaa mwenzenu, kupanua kunawezekana. Mimi yangu ilipanuliwa. Ruger Blackhawk ya zamani, zile za kabla ya 1973, .357 kuwa .44 Special, matundu sita yote yapo. Silinda yake nene, ina pa kuchimba. Kazi inajulikana, mafundi wa Marekani wamezifanya miaka na miaka.

Ila na mimi nina langu na HUYOHUYO. Alikaa nayo miezi kumi na minne. Nikipiga simu, "sema." Nasema. "Bado." Anakata. Siku naichukua, ndani imechimbwa kama kioo, sina neno. Geuza mtutu usome. Maandishi ya .357 yameachwa yalivyo, na pembeni amechora "44" kwa kitu chenye ncha, nadhani msumari, na 4 ya pili imeangukia pua. Kila nikiitoa inabidi nihutubie kwanza kabla ya kupiga. Akija mtu asiyejua akasoma yale ya kiwandani?

Tundu ni Tundu

Angalau yako aliigusa. Mimi aligusa miwani.

Kifaa Butu

Huyo fundi na mimi tuna kesi. Nilimwomba anilainishie triga kidogo. KIDOGO. Akapunguza springi. Triga kweli imekuwa laini, mtoto wa darasa la kwanza anavuta. Tatizo nyundo ikishuka haigongi, inabusu. Kwenye risasi sita zinalia mbili, nne zinarudi na kialama kidogo kwenye kiwashio kama zimeng'atwa na mbu. Nikamrudishia, unajua alinijibu nini? "Uliomba laini."

Bomba Nene

Si uliomba laini?

Kifaa Butu

Niliomba laini ya KULIA.

Kalamu Nyekundu

Nimesoma uzi wote nikajizuia, nimeshindwa. Mleta mada anagombana kwa ajili ya .44 ambayo si .44. Risasi yake ni inchi .429. Na .38 Special si .38, ni .357.

Bomba Nene

Hebu rudia hapo mwisho.

Kalamu Nyekundu

.38 Special na .357 Magnum ni upana uleule wa risasi. Ndiyo maana .38 inaingia na kulia vizuri kwenye bastola ya .357. Walipoitoa .357 mwaka 1935 walirefusha ganda kwa milimita 3 na kidogo, kusudi mtu asije akaitumbukiza kwenye bastola ya .38 isiyohimili. Jina la .38 limebaki kutoka zamani, enzi ambazo risasi ilikuwa na upana sawa na nje ya ganda lake. Baadaye risasi ikaingizwa ndani ya ganda, ikapungua, jina hawakulipunguza.

Bomba Nene

Miaka yote hii nimemringia shemeji yangu kwamba yangu ni .38 na yake ni .357, kwa hiyo yangu pana. Tumegombana mezani. Wake zetu wameamua.

Skrubu Tatu

Kwa hiyo ule msumari ulitakiwa uandike 429?

Mzee wa Bati

Angeandika 429 mngesema simu ya mtu.

Siti ya Mbele

Bisi zimeisha. Nani anakwenda jikoni?

Tundu ni Tundu

Jamani tumetoka nje ya mada. Miwani.

Kifaa Butu

Vernia, nakuuliza wewe unayeonekana una akili. Nataka kurudishia springi ya zamani mwenyewe, sitaki kuona tena uso wa yule bwana. Ile sahani ya pembeni ya fremu inatokaje? Skrubu nimetoa zote, imegoma. Nataka kuibetua na bisibisi.

Vernia

USIBETUE. Weka hiyo bisibisi chini sasa hivi. Ile sahani imekaa kwa kubana kabisa, ukiibetua unapinda ukingo na haikai tena sawa maisha yako yote. Shika bastola ikiwa haina kitu, sahani iangalie juu, gonga upande wa fremu kwa mpini wa mbao. Taratibu. Inanyanyuka yenyewe. Anayebetua anajulikana tu, mistari inabaki pale kwenye maungio.

Tundu ni Tundu

Haya mambo mnatwambia leo?

Bomba Nene

Subiri kwanza. Mleta mada. Ulimpelekea fundi bastola yenye mistari kwenye maungio?

Tundu ni Tundu

Mistari midogo.

Vernia

Mingapi?

Tundu ni Tundu

Miwili. Mitatu na ule wa chini. Nilitaka kuona ndani kama pana nafasi kabla sijaenda, nisije nikamsumbua mtu bure. Kifaa Butu, ukishaifungua angalia kuna kipande chembamba kinakaa karibu na nyundo, changu kiliruka nikakitafuta chini ya kabati nusu saa.

Kifaa Butu

Kipi, kile kirefu? Kinarudi upande gani?

Tundu ni Tundu

Nilikirudisha kilipokubali kuingia.

Mzee wa Bati

Yesu na Maria.

Skrubu Tatu

Ulibetua na nini, mkuu?

Tundu ni Tundu

Kisu.

Bomba Nene

Cha nyama?

Tundu ni Tundu

Cha siagi.