Naomba ushauri: kuigeuza Rosa Mistika kuwa filamu

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kisumu. Tuko watano, kamera moja, na tunatamani sana kuigiza Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Hadithi ni ya Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, ziwa lile lile tunaloliona hapa Dunga.

Kinachoninyima usingizi ni jinsi ya kuonyesha Rosa, mhusika mkuu, akitoa mimba na kujiua. Nikiyaficha, nimemsaliti Rosa. Nikiyaanika, mama yangu atatoka ukumbini, na bodi ya filamu inaweza kutunyima kibali. Filamu ya Kenya, Rafiki, ilizuiwa 2018 hadi mahakama ikairuhusu siku 7 tu. Tumejaribu pale Zakaria, baba yake Rosa, anapompiga bintiye: kamera imetulia kwenye mlango uliofungwa, kuku anadonoa kizingitini, ndani twasikia fimbo na kilio. Kwa kweli iliniuma zaidi. Je, mbinu hii itabeba filamu nzima, au watazamaji watahisi wanafichwa?

Halafu haki. Mwandishi alifariki 2020, kwa hivyo kitabu bado kina wenyewe. Aliyewahi kuomba idhini ya namna hii, ulianza na mchapishaji au familia?