Tonado imepita makazini: nusu ya paa imeng'oka, nyumba ya jirani haijaguswa. Kazi ianzie wapi?

Dirisha_Wazi
Wakuu habari. Eneo ni la makazi pembeni ya jiji, nyumba zimekaribiana, na tonado si kitu kilichozoeleka hapo. Upande mmoja wa paa umeng'oka na kenchi zake, mlango mkubwa wa gereji umebonyea kwa ndani, dari limeloa, na mti umelalia uzio wa chuma pamoja na waya wa umeme. Nyumba ya pili, mita 20 tu, haina hata kioo kilichopasuka. Naomba kujua kazi inaanzia wapi, turubai linafungwaje lisipeperuke, na kwa nini nyumba hii ikaumia na ile ikapona. Wengine wanasisitiza ulikuwa upepo wa mvua tu.

Saketi_Kuu
Poleni sana. Turubai lisubiri, huo mti kwenye uzio ndio hatari ya kwanza. Waya ulioanguka, hata ukiwa kimya bila cheche, uhesabiwe una umeme. Uzio wa chuma unaouegemea nao una umeme, na unaweza kuusafirisha hadi kiwanja cha tatu. Watu wakae mita 10 au zaidi, na chensoo isiwashwe mpaka shirika la umeme lithibitishe kuwa limekata.

Mkinusa gesi ndani, msiwashe wala kuzima swichi yoyote, kwani kuzima nako hutoa cheche. Tokeni, mfunge valvu ya nje: mkono wake ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikingama imefungwa. Ikishafungwa, afungue fundi wa gesi baada ya kupima. Ukuta ulioyumba huvuta bomba, na maungio hulegea mahali pasipoonekana.

Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka mlango au dirisha lolote, moshi ukielekea mbali na nyumba. Gereji yenye mlango uliobomoka bado ni ndani, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Halafu msithubutu kuichomeka kwenye soketi ya ukutani. Umeme unarudi kwenye laini, transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti, na aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa.

Fundi_Kenchi
Pigeni picha za kila upande kabla ya kuhamisha chochote, bima itazihitaji.

Turubai: msipande upepo ukivuma wala paa likiwa limelowa. Kagueni kwanza kutoka chini kenchi zilizobaki. Iliyopasuka kwenye maungio haibebi mtu. Turubai lizidi tundu kwa mita 1 kila ubavu, na juu livuke kofia ya paa lishuke upande wa pili angalau mita 1.2. Kazi nyingi huharibika hapo: ukingo wa juu ukiishia chini ya kofia, maji yanateremka na kuingia chini ya turubai, dari linaloa upya na watu wanalaumu turubai.

Ukingo uviringisheni kwenye mbao ya mbili kwa nne mizunguko miwili au mitatu, geuzeni mbao ili mkunjo uwe chini yake, kisha pigeni skrubu za milimita 75 kupitia mbao hadi kwenye kenchi, kila sentimita 40 hadi 60. Msumari uliopita kwenye turubai tupu haudumu: turubai linapigwapigwa na upepo, tundu la msumari linarefuka, asubuhi ni mpasuo. Vile vitundu vya chuma vya pembeni navyo havijatengenezwa kubeba mzigo huo.

Pasipo na kenchi, pitisheni mbao za muda zenye mteremko. Turubai likibonyea, dimbwi la sentimita 5 kwenye mita moja ya mraba ni kilo 50, na mvua ikiendelea linashuka lote ndani. Turubai jepesi la plastiki huliwa na jua. Msilitegemee zaidi ya miezi michache.

Njia_ya_Upepo
Kama ilikuwa tonado au upepo wa mvua tu, jibu liko kwenye miti, kwa hiyo ipigwe picha kabla haijakatwa. Kwa kila mti ulioanguka andikeni mahali ulipo na uelekeo wake kwa dira ya simu, miti 20 inatosha kuanzia. Upepo unaoporomoka kutoka wingu la mvua hutawanya miti kuelekea nje, kama vidole vilivyotanuliwa. Tonado huacha ukanda mwembamba, mrefu, na miti ya pande zote mbili huwa imeinamia ndani, kuelekea mstari wa katikati. Ukanda huo ukishachorwa, mabishano yanaisha. Na isisemwe haiwezekani mjini: Birmingham, Uingereza, ilipigwa tarehe 28 Julai 2005, na London tarehe 7 Desemba 2006.

Daraja la EF (Enhanced Fujita, kipimo cha ukali wa tonado) hutolewa kwa kusoma uharibifu, si kwa kipimo cha upepo chenyewe. EF1 ni takriban kilomita 138 hadi 177 kwa saa, EF2 ni 178 hadi 217.

Kuhusu jirani: pembeni mwa tonado upepo hupungua ndani ya umbali mfupi. Ila nautazama zaidi ule mlango wa gereji. Ulipobonyea, hewa iliingia na kulisukuma paa kutoka ndani, huku upepo wa nje ukilivuta juu. Angalieni mbao iliyo juu ya ukuta. Misumari ikiwa imechomoka mizima, kenchi zilishikwa na misumari ya mshazari peke yake. Mkijenga upya, kila kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma unaoshika hadi kwenye lenta, na mlango wa gereji uwe wa kuhimili upepo. Ushauri wa zamani wa kufungua madirisha ili kusawazisha presha ni kosa, unaingiza upepo uleule.

Dirisha_Wazi
Asanteni sana wakuu. Dari lililoloa litolewe lote?

Fundi_Kenchi
Jipsamu iliyolegea itolewe yote, pamoja na sufi ya kuzuia joto iliyo juu yake. Kuvu huanza ndani ya saa 24 hadi 48. Lilipobonyea, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa bisibisi ndefu, kinga ndoo. Kama mtaa una paa za zamani za asbesto, vipande vyake vinyunyizieni maji, msivivunje wala kufagia vikiwa vikavu, na vifungwe kwenye plastiki nene mbili, mbali na kifusi kingine.