Epoksi, poliesta au vanishi: kipi kimalizie boti ya mbio ya plaiwudi?

MkukuMwembamba
Wakuu, boti ni modeli ya seti ya kuunganisha, ya umeme, urefu sm 65, plaiwudi ya mm 1.5 juu ya mataruma (mbavu za ndani) ya mm 3. Imeshapigwa msasa namba 180, sitaha bado haijafungwa. Nipake resini ya epoksi na kitambaa cha faibaglasi, resini ya poliesta na kitambaa, au vanishi tabaka tatu tu? Sitaki izidi uzito.

TeziNaOmo
Epoksi, na kitambaa cha gramu 50 kwa mita ya mraba. Boti ya ukubwa huo ina takriban robo mita ya mraba ya kufunika: kitambaa gramu 12 hivi, resini gramu 20, na tabaka la pili jembamba la kujaza nyuzi. Jumla haifiki gramu 50. Laza kitambaa kikavu, mimina katikati, sukuma kuelekea kingo kwa kadi ya plastiki. Kikionekana kung'aa kama kimelowa sana, resini imezidi, ikamue.

Poliesta haishiki mbao vizuri, husinyaa ikikauka, na tabaka jembamba hivyo hubaki likinata. Tena huyeyusha povu la polistirini, kwa hiyo kama umeshaweka maboya ya povu hilo omoni (mbele ya boti), yamekwisha.

Msasa400
Vanishi ni nyepesi kweli, ila plaiwudi ikigonga kijiti kwa mwendo wa mbio hupasuka, maji huingia kwenye gundi na tabaka huachana. Iache kwa boti ya matembezi.

Ndani ndiko wengi husahau. Paka epoksi kabla ya kufunga sitaha, hasa pembe za mataruma na pale bomba la shafti linapopita.

MkukuMwembamba
Kwa ndani niizimue epoksi kwa spiriti ipenye?

TeziNaOmo
Hapana, spiriti huidhoofisha. Pasha mbao joto kidogo, epoksi itakuwa nyepesi yenyewe. Pima kwa mizani kwa uwiano wa mtengenezaji. Kuongeza hadena (kigumishi kinachochanganywa na resini) hakuharakishi, huacha resini laini. Koroga gramu 20 kwa mara, kwenye chombo kipana, maana ikirundikana huchemka.

Msasa400
Ikikauka, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sponji ya kusugulia kabla ya msasa. Kukiwa na unyevunyevu hutoa utando wa mafuta, na rangi juu yake hujikunja na kuacha vishimo. Kisha msasa namba 240, halafu 400 na maji.

Ukingo wa chini wa tezi (nyuma ya boti) uwe mkali kama kisu. Ukiviringika, maji huufuata na kuinyonya tezi chini, boti ikapoteza kasi. Kitambaa chenyewe huuviringisha, kwa hiyo bandika utepe upite ukingo kwa mm 2, jaza epoksi iliyokorezwa na unga wa silika, kisha usawazishe kwa msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Usitumie vidole hapo.